Shajara ya mradi: kila mashine na kikomo chake

Februari, kabla ya muhula

Kazi tuliyoianza ni kuandika upya mwongozo wa kozi ya utangulizi wa nadharia ya ukokotoaji kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, hapa Dar es Salaam. Mihadhara inatolewa kwa Kiingereza, kama ulivyo utaratibu wa vyuo vikuu nchini, lakini semina, ubishi wa kwenye korido na maelezo ambayo wanafunzi hupeana usiku wa kuamkia mtihani ni ya Kiswahili, na tumeona ni haki mwongozo, mazoezi na majibu yake yawe katika lugha ambayo wao hufikiria nayo. Tuko wawili: mimi ninayefundisha kozi, na mhadhiri msaidizi anayesimamia semina. Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya walimu wenzetu watakaotaka kuufuata mpangilio huu au kuupinga.

Mpangilio uliozoeleka huanza na otomata kikomo, yaani mashine ya kubuni yenye idadi maalumu ya hali na isiyo na kumbukumbu nyingine, ukapita kwenye sarufi, yaani kanuni za kuunda mifuatano ya alama, ukafika kwenye mashine ya Turing, inayosoma na kuandika kwenye utepe usio na mwisho, na mwishoni kabisa mwa muhula mwanafunzi akaambiwa kwamba yapo matatizo ambayo hakuna kompyuta itakayoyatatua kamwe. Habari hiyo humkuta amekwisha kuchoka, amezoea kujenga mashine zinazofanya kazi, naye huipokea kama taarifa ya kukariri. Sisi tumejiwekea kanuni moja: kila mashine itakayoingia darasani iingie pamoja na jambo ambalo haiwezi kulifanya, na kutoweza huko kuthibitishwe ubaoni, kusitajwe tu.

Historia ya somo lenyewe inaiunga mkono kanuni hii. Mwaka 1928 David Hilbert na Wilhelm Ackermann waliuliza kama upo utaratibu wa hatua kwa hatua unaoweza kuamua, kwa kila kauli ya mantiki, iwapo inathibitika au la. Mwaka 1936 Alonzo Church, akiwa Princeton, na Alan Turing, akiwa Cambridge, kila mmoja kwa njia yake, walijibu kwamba haupo. Turing alikuwa na umri wa miaka 23 alipowasilisha makala yake, na mashine tunayoiita kwa jina lake aliibuni kwa ajili ya jibu hilo la kukanusha, wakati kompyuta za kielektroniki za aina tunayoitumia leo zilikuwa bado hazijajengwa. Mashine na kikomo chake vilizaliwa katika makala moja. Sioni sababu ya kuvitenganisha darasani kwa miezi mitatu.

Machi, wiki ya kwanza

Sura ya kwanza imekamilika na imefundishwa. Mfano mkuu wa otomata kikomo ni kitenzi cha Kiswahili. Alfabeti yake si herufi bali vipande: viambishi vya nafsi ni, u, a, tu, m na wa, viambishi vya njeo na, li, ta na me, viambishi vya mtendwa ni, ku, m, tu na wa, mizizi michache kama pig, som na pend, vinyambulishi i, an, ish na w, na mwisho kiishio a. Otomata huanza katika hali ya 0. Ikisoma nafsi huhamia hali ya 1, ikisoma njeo huhamia hali ya 2, na hapo ama kiambishi cha mtendwa kinaipeleka hali ya 3, ama mzizi unaivusha moja kwa moja hadi hali ya 4. Aliyeko hali ya 3 naye hupita kwa mzizi kwenda hali ya 4. Katika hali ya 4 kila kinyambulishi huizungusha hapohapo, na kiishio huipeleka hali ya 5, ambayo peke yake ndiyo hali ya kukubali.

Mwanafunzi aliyeitwa ubaoni alisoma “alitupigia” kipande kwa kipande huku kidole chake kikifuata mishale: a, li, tu, pig, i, a, na kidole kikapita hali ya 1, 2, 3, 4, 4 tena, kisha 5. Mwingine akajaribu “walipiganishwa” na ikakubaliwa. Wa tatu akaandika neno lenye an saba mfululizo baada ya pig, nalo likakubaliwa pia, na darasa zima likapinga kwamba hicho si Kiswahili. Pingamizi hilo ndilo tulilokuwa tunalihitaji. Mashine ikiwa hali ya 4 haijui imezunguka hapo mara ngapi. Ukitaka isizidi mizunguko mitatu, utaiongezea hali za kuhesabia, na itatii. Je, kama hesabu yenyewe haina ukomo uliowekwa tangu mwanzo?

Uthibitisho ulifuata katika kipindi kilekile. Tulichukua daftari la kikoba ambamo M ni mkopo wa kiasi maalumu na R ni rejesho la kiasi hichohicho, na tukataka otomata inayokubali mifuatano ambayo idadi ya M ni sawa na idadi ya R. Tuseme mtu anadai anayo, na ina hali tano. Mwache aisomeshe mfuatano mtupu, kisha M, MM, MMM, MMMM na MMMMM. Hiyo ni mianzo sita, na hali ni tano tu, kwa hiyo lazima mianzo miwili iiache mashine katika hali ileile; tuseme ni MM na MMMMM. Sasa ongeza RR kila upande. MMRR inastahili kukubaliwa na MMMMMRR inastahili kukataliwa, lakini mashine iliyokwisha kusahau kama ilisoma mbili au tano haina budi kutoa jibu moja kwa zote mbili. Weka namba yoyote mahali pa tano, hali elfu au milioni, na hoja inabaki vilevile.

Katika mwongozo tumeitanguliza hoja hii ya mianzo isiyotofautishika, ambayo John Myhill na Anil Nerode waliipa umbo kamili mwishoni mwa miaka ya 1950, na tumeirudisha nyuma lema ya kupampu inayotangulizwa na vitabu vingi, yaani kauli kwamba kila mfuatano mrefu wa kutosha unaokubaliwa una sehemu inayoweza kurudiwarudiwa na mfuatano ukaendelea kukubaliwa. Msaidizi wangu hakukubaliana nami mara moja, kwa kuwa mitihani ya vyuo vingi huuliza lema hiyo kwa jina. Hoja yangu ni kwamba lema ya kupampu ina “kwa kila” na “kuna” zinazopokezana mara nne katika sentensi moja, na mwanafunzi ambaye bado hajazoea kuthibitisha hujikuta akichagua mwenyewe mgawanyo wa mfuatano ambao alipaswa kuachiwa na mpinzani wake. Hoja ya mianzo miwili humtaka afanye jambo moja tu: aonyeshe mianzo ambayo mashine inalazimika kuitofautisha, na aonyeshe kiambatisho kinachoidai tofauti hiyo. Tumekubaliana kwamba lema ibaki kama kiambatanisho chenye mazoezi yake.

Machi, wiki ya tatu

Otomata yenye njia nyingi imeingia kwa neno “walitupa”. Tuliacha vipande na kurudi kwenye herufi, kwa sababu msomaji wa kweli hapewi maneno yaliyokwisha kukatwakatwa. Mashine iliyosoma “wali” ikakutana na t na u haiwezi kujua kama tu ni kiambishi cha mtendwa, yaani walitupa sisi kitu, au ni mwanzo wa mzizi tup, yaani walikitupa kitu jalalani. Otomata yenye njia nyingi huruhusiwa kufuata zote mbili kwa pamoja na kukubali iwapo hata moja itafika salama. Tulichora ubaoni seti ya hali baada ya kila herufi: baada ya “walitu” seti ina hali mbili, moja inayosubiri mzizi na moja iliyo katikati ya mzizi, baada ya p bado ni mbili, kwa kuwa p yenyewe ni mzizi wa kupa, na baada ya a njia zote mbili zinakubali.

Wanafunzi waliofuata seti hizo kwa mkono tayari walikuwa wamekwisha kuelewa theoremu ya Michael Rabin na Dana Scott ya mwaka 1959, kabla hatujaitaja: ukizichukua seti zenyewe kuwa hali mpya, unapata otomata ya njia moja inayotambua lugha ileile, yaani seti ileile ya mifuatano. Kwa hiyo uhuru wa kufuata njia nyingi haukisogezi kikomo cha wiki ya kwanza hata kidogo, na daftari la kikoba bado halitambuliki.

Kinachobadilika ni ukubwa. Lugha ya mifuatano ya 0 na 1 ambayo alama yake ya kumi kutoka mwisho ni 1 hutambuliwa na otomata ya njia nyingi yenye hali 11, lakini ya njia moja inahitaji hali 1,024, wala hazipungui. Tuliwaachia wanafunzi wathibitishe sehemu hiyo ya “wala hazipungui” kama kazi ya nyumbani, na nimefurahi kuona katika majibu mengi hoja ileile ya mianzo miwili ikirudi bila kuelekezwa: mifuatano miwili tofauti yenye urefu wa kumi lazima itofautiane mahali fulani, ongeza alama za kutosha ili mahali hapo pawe pa kumi kutoka mwisho, na majibu yatalazimika kutofautiana.

Sehemu ya semi za ruwaza, yaani fomula fupi zinazoeleza umbo la mfuatano wa alama, tuliipitia haraka, kwa kuwa wengi wanazitumia kazini na katika mafunzo kwa vitendo. Mazoezi yake ni ya mambo ya hapa: namba ya gari ya mtu binafsi yenye T, tarakimu tatu na herufi tatu, tokeni ya umeme ya tarakimu 20, namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, hivyo otomata inayoikagua inabidi ijue Februari 29 inaruhusiwa mwaka gani. Stephen Kleene ndiye aliyeonyesha kwamba semi hizi na otomata kikomo ni kitu kimoja kwa nguvu, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1956.

Aprili

Masika yamekuwa makali, na siku ambazo barabara imefungwa pale Jangwani wanafunzi wanaotoka upande wa mjini huchelewa au hukosa kabisa. Kwa sababu hiyo sura ya sarufi isiyotegemea muktadha, ambayo kanuni zake huibadilisha alama bila kujali zilizo jirani nayo, imegawanywa katika sehemu fupi ambazo kila moja inajitosheleza.

Mashine ya sura hii ni otomata iliyoongezewa steki, yaani rundo ambalo alama huwekwa na kuondolewa juu tu, nayo inatatua tatizo la kikoba: inaweka alama juu ya steki kwa kila M na kuiondoa kwa kila R, na kama marejesho yamezidi mikopo inaweka alama za aina nyingine. Mabano ya programu, ambayo kila mwanafunzi amewahi kusumbuliwa nayo na kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, yanakaguliwa kwa namna hiyohiyo. Kikomo cha mashine hii kipya ni kukagua hesabu tatu kwa pamoja, kwa mfano M kadhaa, zikifuatwa na R kadhaa, kisha F za faini kadhaa, idadi zote tatu zikiwa sawa. Alama zilizowekwa kwa ajili ya M zinamalizika wakati wa kuzilinganisha na R, na kwa F hakuna kilichobaki cha kulinganishia. Maelezo hayo hayatoshi kuwa uthibitisho, na mwongozo unalisema hilo wazi; uthibitisho wenyewe unatokana na kazi ya Yehoshua Bar-Hillel, Micha Perles na Eli Shamir ya mwaka 1961, na hapa lema ya kupampu imepata nafasi yake stahiki.

Mei, wiki ya kwanza

Mashine ya Turing imefundishwa nje, kwenye sakafu ya veranda. Tulichora miraba kwa chaki kuwa utepe, mwanafunzi mmoja akawa kichwa cha kusoma na kuandika, mwingine akashika karatasi ya kanuni na kumwamuru. Kanuni zilikuwa nne tu, za mashine yenye hali A na B. Katika A ukikuta 0, andika 1, nenda kulia, ingia B. Ukikuta 1, iache 1, nenda kushoto, ingia B. Katika B ukikuta 0, andika 1, nenda kushoto, ingia A. Ukikuta 1, iache 1, nenda kulia, simama. Ukianza na utepe mtupu wa sifuri, mashine hii husimama baada ya hatua 6 ikiwa imeacha 1 nne.

Hilo ni shindano aliloliasisi Tibor Radó mwaka 1962: kati ya mashine zote zenye idadi fulani ya hali na alama mbili, ambazo zikianza na utepe mtupu husimama, ni ipi inayokawia kuliko zote? Kwa hali mbili jibu ni hatua 6, kwa tatu ni 21, kwa nne ni 107. Kwa hali tano ni 47,176,870; mashine hiyo iligunduliwa mwaka 1989, lakini ilichukua hadi mwaka 2024 kundi la watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali kuthibitisha kwamba hakuna inayoipita. Wanafunzi walioshika chaki walitulia waliposikia namba ya hali nne ikifuatwa na ya hali tano. Walikuwa wametoka kuiona kwa macho yao mashine yenye kanuni nne, na ile ya hali tano ina kanuni kumi tu.

Ugumu wenyewe umejificha katika neno “husimama”. Ili kumpata mshindi lazima uziondoe mashine ambazo hazitasimama kamwe, na mashine ambayo imefika hatua ya bilioni moja bila kusimama haijakuambia lolote. Maabara tuliwapa mfano mwingine, kanuni ya Collatz: namba ikiwa shufwa igawe kwa mbili, ikiwa witiri izidishe kwa tatu na uongeze moja, na urudie hadi ufike 1. Ukianza na 27 namba inapanda hadi 9,232 kabla ya kushuka, na inafika 1 baada ya hatua 111. Programu yake haizidi mistari sita, nayo hakuna mtu aliyethibitisha kwamba husimama kwa kila namba unayoanza nayo.

Mei, wiki ya tatu

Hiki ndicho kipindi ambacho kozi nzima inakiendea, nasi tulikipa wiki nzima.

Tuseme mtu ameandika programu inayoitwa Hakimu. Unampa Hakimu maandishi ya programu yoyote p na data yoyote x, naye bila kushindwa kamwe anajibu ama “itasimama” ama “haitasimama”. Tukishakuwa naye, tunaandika programu fupi iitwayo Mpinzani. Mpinzani akipewa programu p, anamuuliza Hakimu: p ikipewa maandishi yake yenyewe, itasimama? Hakimu akijibu “itasimama”, Mpinzani anaingia katika mzunguko usio na mwisho. Akijibu “haitasimama”, Mpinzani anasimama papo hapo. Sasa mpe Mpinzani maandishi yake mwenyewe. Kama anasimama, basi Hakimu alisema hatasimama. Kama hasimami, basi Hakimu alisema atasimama. Kwa vyovyote vile Hakimu amekosea, na tulikwisha kukubaliana kwamba hakosei. Basi Hakimu hayupo, wala hataandikwa, kwa lugha yoyote ya programu, kwenye kompyuta ya kasi yoyote.

Uthibitisho unaenea nusu ubao. Kuukubali ndiko kunakochukua muda, na maswali yalikuja kwa mpangilio ambao sasa tumeuingiza katika mwongozo.

La kwanza lilikuwa iwapo ni halali programu kupewa yenyewe kama data. Msaidizi alilijibu kwa vitendo: aliandika programu ya kuhesabu mistari ya faili, akaipa faili lake yenyewe, nayo ikajihesabu bila shida. Kompaila ya lugha ya C inaweza kuandikwa kwa C na kujikompaili yenyewe. Programu ni maandishi, na maandishi ni data.

La pili lilikuwa pendekezo la kumrekebisha Hakimu ili amtambue Mpinzani na kumpa jibu maalumu. Hapa tuliwaomba waliopendekeza waandike Hakimu huyo mpya kwenye karatasi, kisha tukawaomba wenzao waandike Mpinzani wake. Kila Hakimu mpya huzaa Mpinzani wake mpya, kwa sababu Mpinzani anamwita Hakimu yeyote utakayemleta. Ili jambo hilo lionekane kwa macho tulichora jedwali: mistari ni programu zote, nguzo ni programu hizohizo zikiwa data, na katika kila kisanduku ni jibu la Hakimu. Mpinzani ni yule anayeshuka kwa mshazari na kukigeuza kila kisanduku anachokikanyaga, hivyo anatofautiana na kila mstari angalau mahali pamoja. Georg Cantor aliutumia mshazari huo mwaka 1891 kuonyesha kwamba hakuna orodha inayoweza kumaliza namba halisi zote.

La tatu ndilo bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika kozi hii. “Mwalimu, kwa nini tusimruhusu Hakimu aseme sijui?” Ukimruhusu, uthibitisho unakufa, na unastahili kufa, kwa sababu Hakimu wa namna hiyo yupo na ana faida kubwa. Zana zinazokagua programu kabla hazijaendeshwa zimejengwa juu ya ruhusa hiyo: zinathibitisha zinapoweza, na panapowashinda zinaonya au zinanyamaza. Mfumo wetu wa kusahihisha kazi za wanafunzi nao unaikatisha kila programu baada ya sekunde kumi, kwa kuwa hakuna njia nyingine itakayofaa kwa kila programu itakayoletwa. Theoremu inasema ni dai lipi hasa lisilowezekana, na mtu anayelijua dai hilo kwa usahihi ndiye anayeona nafasi iliyobaki ya kufanyia kazi.

Tumeongeza pia aya inayowaeleza watakaosoma makala ya mwaka 1936 kwamba Turing mwenyewe hakuuliza kuhusu kusimama. Mashine zake ziliandika tarakimu bila kikomo, na zilizokuwa na kasoro ni zile zilizokwama. Tatizo la kusimama kwa umbo hili lilipata sura yake baadaye. Na theoremu ya Henry Rice ya mwaka 1953, kwamba hakuna sifa yoyote ya maana kuhusu tabia ya programu inayoamulika kwa programu zote, imewekwa mwishoni pamoja na mazoezi ya kugeuza tatizo moja kuwa jingine. Mazoezi hayo bado ni machache. Wanafunzi wengi wanageuza kinyume: wanaonyesha kwamba tatizo jipya lingetatuliwa iwapo tungekuwa na Hakimu, ilhali wanachotakiwa kuonyesha ni kwamba Hakimu angepatikana iwapo tatizo jipya lingetatuliwa.

Juni

Sura ya uchangamano, yaani ya kiasi cha muda ambao tatizo linahitaji ili litatuliwe, inatumia lori linalotoka stoo moja ya Kariakoo kupeleka mzigo kwenye maduka 20, Buguruni, Tandika, Mbagala, Sinza, Mwenge, Tegeta na kwingineko, kisha likarudi. Mpangilio wa maduka 20 una njia 2,432,902,008,176,640,000. Kompyuta inayokagua njia bilioni moja kwa sekunde ingehitaji miaka 77 hivi.

Vitabu vingi huishia kwenye namba hiyo na kumwacha msomaji akiamini kwamba ugumu umethibitishwa. Nasi tumekataa kuishia hapo. Mwaka 1962 Richard Bellman, na kwa upande mwingine Michael Held na Richard Karp, walichapisha njia ya kukumbuka majibu ya seti ndogondogo za vituo, na kwa maduka 20 hesabu inashuka hadi takribani hatua milioni 420, yaani chini ya sekunde moja kwa kompyuta ileile. Miaka 77 ilikuwa kikomo cha mbinu moja, si kikomo cha tatizo. Kwa maduka 60 mbinu hiyo bora nayo inahitaji zaidi ya miaka 130,000, na bado hilo ni kuhusu mbinu hiyo peke yake.

Hivyo kanuni yetu ya Februari imefika mahali ambapo haitimiziki, na tumeliandika hilo kwa uwazi. Stephen Cook mwaka 1971, na Leonid Levin katika makala ya mwaka 1973, walionyesha kwamba yapo matatizo ambayo mengine yote ya aina hii, ambayo jibu lake likishaletwa hukaguliwa upesi, yanaweza kugeuzwa kuwa hayo; Karp mwaka 1972 akaonyesha 21 ya namna hiyo, na swali la kama ipo njia ya lori isiyozidi kilomita kadhaa ni la kundi hilohilo. Likipatikana suluhisho la haraka kwa moja, limepatikana kwa yote. Kama lipo au halipo, hakuna aliyethibitisha, na Taasisi ya Hisabati ya Clay imeahidi dola milioni moja tangu mwaka 2000. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono: “Mwalimu, mbona leo hakuna uthibitisho?” Nimeona kwamba miezi mitatu ya kudai uthibitisho kwa kila kikomo imemfanya aone pengo ambalo madarasa ya nyuma yalikuwa yakilipita bila kusita.

Julai, baada ya mtihani

Swali lililotufunulia mengi lilikuwa fupi. Tulimleta mwanafunzi wa kubuni anayeandika: “Lugha ya mifuatano ambayo MR hutokea mara nyingi sawa na RM haitambuliki kwa otomata kikomo, kwa sababu otomata ingelazimika kuhesabu.” Tukauliza kama hoja hiyo ni sahihi.

Si sahihi. Kila mara unapovuka kutoka M kwenda R, kuvuka kunakofuata lazima kuwe kutoka R kwenda M, hivyo hesabu hizo mbili haziwezi kuachana kwa zaidi ya moja, na zinalingana pale tu mfuatano unapokuwa mtupu au unapoanza na kuishia na herufi ileile. Otomata yenye hali tano inatosha. Waliolijibu vizuri ni wale waliojaribu kwanza kutafuta mianzo mingi isiyochanganyika, wakaiona inaisha upesi, wakaanza kujenga mashine badala ya kubomoa. Waliokosea walikuwa wamebeba kutoka sura ya kwanza neno “kuhesabu” bila kubeba hoja.

Kwa toleo la pili, kazi zilizobaki ni hizi tulizogawana. Mimi nitaongeza kwenye otomata ya kitenzi vikanushi ha na si, ambapo kiishio hubadilika kuwa i katika wakati uliopo, jambo linaloilazimu mashine ikumbuke tangu mwanzo wa neno kitakachohitajika mwishoni. Msaidizi ataandika mazoezi ya ugeuzaji, kila moja likiwa na majibu mawili, moja la upande sahihi na moja la upande wa kinyume, ili mwanafunzi aeleze ni lipi linalothibitisha nini. Swali la MR na RM tunalihamishia wiki ya kwanza, mara tu baada ya daftari la kikoba.